Mshono wa Ndani: Ukuaji wa Mikunjo katika Foili za Tabaka Zinazosukumwa na Mnururisho



1. Utangulizi

Jaza bilauri maji pomoni, ifunike kwa kadi ngumu, kisha ipindue. Maji hayamwagiki. Ondoa kadi, yanaanguka yote. Hewa haijaishiwa nguvu, kwani kanieneo yake inaweza kubeba safu ya maji ya mita 10. Kilichokosekana ni kadi iliyokuwa ikiunyoosha uso wa maji. Sasa kila kikunjo kinakua: hewa inapenya juu, maji yanachuruzika chini.

Lord Rayleigh alilichambua jambo hili mwaka 1883. Mwaka 1950 G. I. Taylor alionyesha kwamba hata mchapuko huleta hali hiyohiyo, mradi kitu chepesi kinasukuma kizito.

2. Msukumo wa eksirei

Katika maabara ya National Ignition Facility, Livermore, California, miale 192 ya leza huingia katika kikopo cha metali nzito na kukijaza eksirei. Eksirei huunguza uso wa kidonge chenye hidrojeni nzito; mvuke unaruka nje, na kidonge kinasukumwa ndani kama roketi. Hapa pia kitu chepesi, yaani mvuke, kinasukuma kizito. Tarehe 5 Desemba 2022 njia hii ilitoa megajuli 3.15 za nishati kutokana na megajuli 2.05 za leza.

Eksirei kali zaidi hupenya na kuipasha joto sehemu ya ndani kabla ya wakati. Ndiyo maana tabaka moja la ganda la kidonge huchanganywa na tangsteni kidogo ili kuzizuia. Kila tabaka linaloongezwa, hata hivyo, huleta mshono. Mada yangu inahusu mshono huo, nami nitatumia foili bapa kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi.

3. Hesabu

Tuchukue foili ya plastiki yenye mchapuko wa maikromita 50 kwa nanosekunde mraba, na mkunjo wenye urefu wa wimbi wa maikromita 50. Kwa kanuni ya msingi, kasi ya ukuaji ni 2.5 kwa nanosekunde. Katika nanosekunde 2 mkunjo unakua mara 150 hivi: wa maikromita 0.1 ungefika 15, yaani zaidi ya kiwango ambacho foili nyingi zinaweza kukivumilia.

Kuungua kwenyewe ndiko kunakookoa uso. Maada inayovukizwa huondoka na sehemu ya mkunjo. Kwa kanuni ya Takabe ya mwaka 1985, tukiweka kasi ya kuungua ya maikromita 2 kwa nanosekunde, ukuaji unashuka hadi mara 20 hivi.

Sasa tuweke titani nyuma ya plastiki. Densiti za titani na plastiki ni gramu 4.5 na 1.05 kwa sentimita ya ujazo. Uwiano huo ukibaki, namba ya Atwood, yaani tofauti ya densiti hizo ikigawanywa kwa jumla yake, ni 0.62. Mkunjo uleule kwenye mshono unakua mara 50 hivi. Hapo hakuna kinachoungua, hivyo hakuna kinachofutwa. Uso tuliouhofia umetulia kuliko mshono tuliousahau.

4. Mapendekezo

Kwanza, mpito uwe wa taratibu. Densiti ikipanda polepole kwa kipimo cha maikromita 10 badala ya ghafla, ukuaji kwenye mshono unashuka hadi mara 19 hivi, karibu sawa na usoni.

Pili, mawimbi marefu yaangaliwe kwa jicho la pekee. Mkunjo wa usoni hupenya ndani ukififia: chini ya maikromita 20 za plastiki, wimbi la maikromita 50 linafika likiwa na asilimia 8 ya kimo chake, lakini la maikromita 200 linafika na asilimia 53. Mpito wa taratibu hauwezi kulizuia hilo; dawa yake ni uso laini tangu kiwandani.

Tatu, mshono upimwe kabla ya tabaka la pili kuwekwa juu yake. Likishawekwa, nafasi ya kuusawazisha imepita, na kosa litaonekana siku ya jaribio.