Mtoto wa Seremala Aliyekwenda Angani

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)



Leo nataka tuzungumze juu ya mtu mmoja aliyeitwa Yuri Gagarin. Huyu alikuwa rubani wa jeshi la anga la Urusi. Tarehe 12 Aprili, 1961, alikuwa mtu wa kwanza duniani kwenda angani na kuizunguka dunia.

Najua wengine mtasema, "Bwana Elimu, mambo ya angani yanatuhusu nini sisi wakulima?" Subirini kidogo. Tutazungumza juu ya roketi, lakini zaidi tutazungumza juu ya kusoma.

Utoto wa shida

Gagarin alizaliwa tarehe 9 Machi, 1934, katika kijiji cha Klushino, magharibi ya mji wa Moscow. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake alikuwa akikamua ng'ombe katika shamba la ushirika. Watoto walikuwa wanne, na Yuri alikuwa wa tatu.

Mwaka 1941 alianza darasa la kwanza. Hata mwaka haujapita, vita vikafika kijijini kwao. Askari wa Ujerumani waliiteka Klushino, na masomo yakakatika. Nyumba yao ilichukuliwa na askari. Basi baba akachimba shimo nyuma ya nyumba, akaliezeka kwa udongo. Humo wazazi na watoto wao waliishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na baridi ya huko si ya mchezo. Mwaka 1943 kaka yake na dada yake walichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi za adui. Bahati nzuri, wote wawili walirudi hai.

Adui alipofukuzwa, shule ilianza tena. Lakini vitabu havikuwapo. Watoto walijifunza kusoma kwa vitabu vya maelekezo vya jeshi vilivyoachwa na askari. Mnaona? Mtu mwenye nia husoma karatasi yoyote anayoipata.

Kazi mchana, darasa jioni

Alipokuwa kijana wa miaka kama 16, Gagarin aliondoka kwao kwenda kujifunza kazi katika kiwanda huko Lyubertsy, karibu na Moscow. Kazi yenyewe ilikuwa kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu. Ni kazi ya moto na jasho. Lakini hakuwa amemaliza hata darasa la saba. Akafanyaje? Alijiandikisha katika shule ya jioni ya vijana wafanyakazi. Mchana kazini, jioni darasani. Mwaka 1951 akamaliza darasa la saba.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka mpatie moyo. Mtu wa kwanza kwenda angani alipita katika darasa la jioni kama hili letu. Alikaa kwenye benchi akiwa amechoka, mikono ina sugu, usingizi unamvuta.

Baadaye alikwenda chuo cha ufundi katika mji wa Saratov. Huko kulikuwa na chama cha kufundisha vijana kuendesha ndege. Alijiunga nacho, na mwaka 1955 akarusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza. Alipomaliza chuo, alikwenda kusomea urubani katika shule ya jeshi huko Orenburg.

Mto wa kukalia

Msidhani kila kitu kilikwenda vizuri. Gagarin alikuwa mtu mfupi, urefu wake ulikuwa sentimeta 157 hivi. Katika kutua na ndege alishindwa mara mbili, akawa karibu kufukuzwa shuleni. Mkuu wake akaamua apewe nafasi nyingine. Mwalimu wake naye akampa mto akalie, ili aone vizuri mbele. Akatua salama!

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nanyi walimu wa kisomo, sikilizeni vizuri. Mwanafunzi akishindwa, msikimbilie kusema hana akili. Kwanza tazameni, pengine anahitaji mto tu. Huenda taa haitoshi, au macho yake yanataka miwani. Tena ule ufupi ulikuja kumfaa, kwa maana chombo cha kwendea angani kilikuwa kidogo, na mtu mrefu asingeenea vizuri.

Mwaka 1957 alimaliza masomo akawa ofisa wa jeshi, rubani wa ndege za kivita. Alipelekwa kaskazini kabisa ya nchi, karibu na Norway. Mwaka 1960 wakachaguliwa marubani 20 ili wafunzwe kwenda angani. Walizungushwa kwa kasi katika mashine. Walifungiwa siku nyingi peke yao katika chumba kisicho na sauti. Waliruka kwa parachuti. Na walisoma, wakasoma sana. Mwishowe Gagarin akachaguliwa kuwa wa kwanza.

Dakika 108

Siku ilipofika aliingia katika chombo kilichoitwa Vostok. Sehemu aliyokaa ilikuwa mviringo kama mpira, yenye upana wa meta mbili na kitu. Saa 3 na dakika 7 asubuhi kwa saa za Moscow, roketi iliondoka. "Twende!" alisema Gagarin. Dunia nzima ikalijua neno hilo.

Huko juu mwendo wake ulikuwa karibu kilometa 8 kwa kila sekunde. Yaani ukitamka "moja" tu, ameshapita kilometa nane! Mwendo huo ndio uliokifanya chombo kiizunguke dunia badala ya kuanguka chini. Ndani ya chombo vitu vilielea hewani. Alikuwa akiandika aliyoyaona, mara penseli ikaelea ikampotea. Ikambidi aendelee kwa kusema katika mashine ya kunasa sauti.

Chombo kilijiendesha chenyewe. Madaktari walikuwa na wasiwasi kwamba huko juu mtu angeweza kuchanganyikiwa, kwa hiyo usukani ulifungwa. Ili kuufungua ilitakiwa namba ya tarakimu tatu iliyowekwa ndani ya bahasha. Kama mitambo ingeharibika, uhai wake ungetegemea kusoma namba ile. Hesabu si mchezo, ndugu zangu.

Alipofika juu ya bara letu la Afrika, upande wa Angola, injini ya kupunguza mwendo iliwaka, chombo kikaanza safari ya kurudi. Hapo ndipo hatari ilipotokea. Sehemu ya nyuma ya chombo ilitakiwa iachane na ile ya Gagarin, lakini ilishikwa na nyaya. Chombo kikazunguka kama pia. Ilipita kama dakika kumi ndipo nyaya zikaungua kwa joto na kukatika. Gagarin hakupiga kelele. Alihesabu, akapima, akaona bado atafika nchi kavu, akatulia.

Alipobakiza kilometa 7 kufika chini alirushwa nje ya chombo, akashuka kwa parachuti. Kwa miaka kadhaa serikali yake ililificha jambo hili, kwa sababu sheria za rekodi za urubani zilitaka rubani atue pamoja na chombo chake. Aliangukia shambani, karibu na mto Volga. Waliomwona kwanza walikuwa mwanamke mkulima na mjukuu wake mdogo. Walimwogopa kwa mavazi yake, akawaambia wasiogope, yeye ni mwananchi mwenzao. Safari nzima ilichukua dakika 108.

Akarudi darasani

Tusisahau kwamba ile roketi ilitokana na kombora la vita, na Urusi na Marekani zilikuwa zikishindana. Tena Gagarin hakufanya peke yake. Nyuma yake walikuwako maelfu ya mafundi, wakiongozwa na mhandisi Sergei Korolev, ambaye jina lake lilifichwa mpaka alipofariki mwaka 1966.

Lakini tazameni Gagarin alifanya nini baada ya sifa zote. Alialikwa nchi nyingi, akavishwa nishani, sura yake ikachapishwa kwenye stempu. Angeweza kusema, "Mimi nimemaliza." Wapi! Mwaka 1961 huo huo alianza masomo ya uhandisi katika chuo kikuu cha jeshi la anga, akamaliza Februari, 1968. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Machi, 1968, ndege aliyokuwa akifanyia mazoezi ilianguka. Yeye na mwalimu wake, Vladimir Seryogin, wakafa wote wawili. Gagarin alikuwa na miaka 34.

Ndugu wahitimu, mmepata vyeti vyenu, nawapongeza. Lakini ninajua vyeti vingine vimewekwa sandukuni, na mwenyewe hajashika kitabu tangu siku ile. Kusoma kusipotumiwa hupotea, kama jembe lililoachwa kwenye mvua. Mtu aliyeizunguka dunia nzima aliona bado ana la kujifunza. Je, sisi tuliomaliza kitabu cha kwanza tumeshatosheka?

Basi nawaombeni jambo moja. Mkitoka hapa, kila mmoja amsomee mwenzake nyumbani ukurasa mmoja jioni hii. Kesho mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.