Uhesabu Kalori au Ukate Wanga?

(Mazungumzo na vijana wa klabu ya afya, Morogoro)

Mwenyekiti wenu aliponiita aliniambia hivi: "Dada, safari hii usituletee malaria. Vijana wanabishana kuhusu kupunguza mwili. Nusu wanasema uhesabu kalori, nusu wanasema ukate wanga. Njoo utuamulie." Haya, nimekuja. Lakini sikuja kama refa. Nimekuja na vitu viwili: yale niliyoyasoma chuoni na kazini, na kosa moja nililolifanya nyumbani kwetu. Kosa hilo nitalieleza mwishoni, kwa hiyo msiondoke mapema.

Kwanza tuelewane kuhusu swali lenyewe. Kupungua wengi tunaweza. Nani hapa hajawahi kupungua kilo tatu kabla ya harusi ya dada yake, halafu zikarudi nne kabla picha za harusi hazijatoka? Kazi ngumu si kupungua. Kazi ngumu ni kubaki palepale ulipofika. Kwa hiyo leo tujiulize: kati ya njia hizi mbili, ipi inakusaidia kulinda uzito wako mwaka huu, mwakani na mwaka wa tatu?

NJIA ZENYEWE NI ZIPI?

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula, kama vile kilomita ilivyo kipimo cha safari. Gramu moja ya wanga ina kalori 4. Gramu moja ya protini ina kalori 4 pia. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya pombe ina 7. Ukila nguvu nyingi kuliko unazotumia, mwili hauzitupi. Unaziweka akiba, na akiba yenyewe ni mafuta ya mwilini. Mwenye kuhesabu kalori anajaribu kuhakikisha kinachoingia hakizidi kinachotumika.

Mkata wanga hahesabu. Yeye anapunguza au anaacha kabisa ugali, wali, mihogo, viazi, ndizi, chapati, maandazi, sukari na soda. Badala yake anakula mayai, samaki, nyama, mboga, parachichi na karanga. (Na wanga ninaousema hapa si wale wanaosafiri usiku kwa ungo! Hao sina dawa yao.)

Msidhani mambo haya ni mapya. Mwaka 1863 huko London, bwana mmoja aliyeitwa William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa mazishi, alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, viazi na bia. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Lulu Hunt Peters, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kuhesabu kalori. Mwaka 1972 daktari mwingine wa huko, Robert Atkins, akairudisha ile ya kukata wanga. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia "siri mpya" kwenye simu, ujue anakuuzia mtumba kwa bei ya dukani.

MIMI NA MWENZANGU CHUMBANI

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilikuwa na kilo 78, na urefu wangu mnauona wenyewe. Niliamua kuhesabu. Nilipakua programu kwenye simu, kila nilichokula nikaandika. Mwenzangu wa chumbani yeye akakata wanga. Mimi nikila wali wa mama ntilie nusu sahani, yeye anakula mayai na kabichi. Tulitaniana sana. Baada ya miezi minne mimi nilikuwa nimepungua kilo 9, yeye 10. Tukapiga picha, tukajiona tumemaliza kazi.

Ikaja likizo. Nikafika nyumbani na simu yangu. Kwetu tunakula sinia moja. Sasa niambieni, kwenye sinia la watu saba, mkono wako na wa mdogo wako vinakutana kwenye mchuzi, utahesabuje kalori zako? Ile programu ilijua majina ya mikate ya Ulaya, lakini kisamvu cha nazi haikukijua. Siku ya tatu nikaanza kujipakulia pembeni na kupima kwa kikombe. Mama akaniangalia, akasema polepole: "Mwanangu, siku hizi unahesabu matonge ya nyumbani kwako?"

Mnajua uzito wa neno hilo. Kwetu anayehesabu matonge ni bahili au adui. Nikaona aibu, nikafuta programu, nikaanza kula kama zamani. Niliporudi chuoni nilikuwa nimeongezeka kilo 5.

Na mwenzangu? Kwao wanalima mahindi. Mayai na nyama ni vya sikukuu. Angekula nini? Wiki ya kwanza akajikaza, wiki ya pili akaonja ugali, wiki ya tatu akalipiza kisasi. Alirudi na kilo 6. Kila mmoja wetu alikuwa na njia iliyofanya kazi, na kila mmoja ilimshinda mlangoni kwa mama yake.

UTAFITI UNASEMAJE?

Mwaka 2009 kulitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuata watu 811 kwa miaka miwili. Waligawanywa kwenye mipango minne ya chakula. Wote walipunguziwa kalori, lakini wengine walipewa wanga mwingi na wengine mdogo. Baada ya miezi sita walikuwa wamepungua kilo 6 hivi kwa wastani. Baada ya mwaka mmoja wakaanza kuzirudisha. Mwisho wa mwaka wa pili makundi yote yalikuwa yamebakiwa na punguzo la kilo 4 hivi, karibu sawasawa.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa utafiti wa watu 609. Kundi moja lilipunguza mafuta, kundi lingine lilipunguza wanga, na hawakuambiwa wahesabu kalori. Baada ya mwezi wa 12, waliopunguza mafuta walikuwa wamepungua kilo 5.3 na waliopunguza wanga kilo 6.0 kwa wastani. Tofauti hiyo ni ndogo mno, hailetei upande wowote ushindi. Lakini ndani ya kila kundi walikuwemo waliopungua zaidi ya kilo 20, na walikuwemo walioongezeka! Maana yake nini? Jina la njia si kitu kikubwa. Kikubwa ni kama mtu ameweza kuishi nayo.

Kila upande una udhaifu wake. Mkata wanga hufurahi wiki ya kwanza akiona kilo mbili zimeondoka. Asifurahi haraka. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glikojeni, na kila gramu yake hushikilia maji gramu 3 hivi. Akiba ikiisha maji yanatoka. Sehemu kubwa ya kilo zile ni maji, na ugali ukirudi, maji nayo yanarudi.

Mhesabuji naye hujidanganya bila kujua. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu wanene waliodai wanakula kidogo lakini hawapungui. Ikaonekana walikuwa wanataja karibu nusu tu ya kalori walizokula kweli. Hawakuwa waongo. Ni ule mkono wa kuonja onja jikoni, andazi la kusindikiza chai, kipande cha mtoto alichobakiza. Nani anaandika hivyo?

Na kuna jambo linalowapata wote wawili. Mwili ukipungua unahitaji nguvu kidogo kuliko zamani, na wakati huohuo njaa inaongezeka. Ukirudi kula kiasi kilekile cha zamani lazima kilo zirudi. Si uzembe wako wala si kurogwa. Ndivyo mwili ulivyo.

KOSA LANGU

Sasa nieleze lile kosa. Wakati ule nilipokuwa nimepungua, mjomba wangu aliniona akapendezwa. Yeye ana kisukari, alikuwa anakunywa vidonge kila siku, na mwili ulikuwa umemzidi. Akaniuliza, "Mwanangu, umefanyaje?" Mimi msomi nikajibu kwa kujiamini: "Mjomba, wewe achana na kuhesabu, acha ugali na wali kabisa." Sikumuuliza anatumia dawa gani. Sikumwambia amuone daktari kwanza.

Akaacha. Vidonge akaendelea navyo kama kawaida. Alfajiri moja shangazi akamkuta ameloa jasho baridi, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Zipo dawa za kisukari zinazoshusha sukari uwe umekula wanga au hujala. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Jirani yao ni muuguzi. Alikuja mbio, akamnywesha maji ya sukari kwa sababu bado aliweza kumeza, kisha wakampeleka kituo cha afya. Alipona. Angekuwa peke yake nyumbani siku ile, leo nisingekuwa na ujasiri wa kusimama hapa.

Mjomba hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, elimu ni kama kisu, kwanza uliza kinakata nini." Tangu siku hiyo mtu akiniomba ushauri wa kupungua, swali langu la kwanza ni: unatumia dawa gani?

Kwa hiyo shikeni hili hata kama mtasahau yote mengine. Mtu anayetumia dawa za kisukari au za presha, mwenye ugonjwa wa figo, mama mjamzito au anayenyonyesha, asikate wanga wala asijinyime chakula kabla ya kuonana na mtaalamu wa afya. Na ninyi mliopo bado shuleni, miili yenu inakua. Msianze kujipunguza kwa sababu ya utani wa wenzenu. Kama unafikiria hesabu ya chakula mchana kutwa, unajitapisha ukishakula, au siku zako za hedhi zimekatika, huo si ujasiri. Ni ugonjwa, na unatibika. Mwambie mtu mzima unayemwamini, mwende kituo cha afya.

BASI TUFANYE NINI?

Mimi sasa nina kilo 70, na huu ni mwaka wa tatu. Sihesabu na sijakata. Nimechukua somo moja kutoka kila upande.

Kutoka kwa wahesabuji nimejifunza mahali nguvu zinapojificha. Unga mkavu wa mahindi gramu 100 una kalori 360 hivi. Vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya kupikia vina kalori kiasi hichohicho! Sasa wewe unamkimbia ugali, halafu mchicha wako unaogelea kwenye mafuta. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, karibu kalori 120, na haishibishi. Mambo haya jifunze mara moja tu, kama unavyojifunza bei za sokoni. Huhitaji kuandika kila siku.

Kutoka kwa wakata wanga nimejifunza kupanga sahani. Nusu iwe mboga za majani na matunda. Robo iwe maharage, dagaa, samaki au yai. Robo iwe ugali, wali au ndizi. Wanga wa kwanza kuondoka uwe sukari, soda na maandazi, si ugali wa dona. Maharage na mboga zinashibisha, na hakuna mama atakayekulaumu kwa kuongeza mchicha. Hata kwenye sinia inawezekana: anza na mboga, kula taratibu, inuka mapema kidogo. Mama yangu mpaka leo hajui kama niko kwenye mpango.

Halafu kuna mwendo. Huko Marekani tangu mwaka 1994 ipo orodha ya watu waliopungua kilo 13 au zaidi na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Walipungua kwa njia mbalimbali, lakini wengi wao wanafanana kwa mambo kadhaa: wanatembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, na wanajipima uzito mara kwa mara. Mizani huna? Tumia suruali moja isiyovutika. Ikianza kubana, usingoje ikatike kifungo.

Kwa hiyo ubishi wenu ninauamua hivi. Anayependa kuhesabu na ahesabu, kwa muda wa kujifunza. Anayeona raha kupunguza wanga na apunguze, kama afya yake inaruhusu na mfuko wake unaweza. Lakini kabla hujaanza jiulize swali moja: je, chakula hiki nitaweza kukila nikiwa nyumbani kwetu, pamoja na watu wetu, miaka mitano ijayo? Kama jibu ni hapana, basi kilo hizo umeazima tu, na mwenyewe atakuja kuzidai.

Sasa leteni maswali, na yule kaka wa nyuma anayeficha soda, nimekuona!