Mshipi Unaozama Ncha
Msikilizaji, wewe unayevua trauti kwa nzi bandia katika Mto Gura au Mathioya, mshipi ukianza kuzama usikimbilie dukani. Mara nyingi ni uchafu tu. Mishipi mingi ya kuelea imevikwa plastiki yenye chembe ndogo mno za kioo, zenye uwazi ndani, zinazoifanya iwe myepesi kuliko maji. Utando wa mwani na vumbi huulemea mshipi. Ncha huzama kwanza, kwa kuwa ndiyo nyembamba.

Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, upanguse kwa kitambaa laini, uusuuze, ukauke kivulini. Ndipo upake dawa ya kutunzia mshipi, kidogo sana. Wengine huipaka kama mafuta ya nywele, ikanasa vumbi jipya. Enzi za mishipi ya hariri kazi ilikuwa kubwa zaidi: kuanika na kupaka grisi kila mara.

Na dawa ya mbu? Yenye DEET huharibu plastiki hiyo, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kuushika mshipi. Ukiona nyufa, maji yameshafika kwenye uzi wa ndani. Hapo sabuni haisaidii, nunua mwingine.