Vijito vya Mlima Meru na Wajibu wa Wakaao Juu ya Mto



Katika kumbukumbu hii tunaomba tuuzungumzie mto. Si pale ulipo mpana, bali pale ambapo mtoto huuvuka kwa hatua moja.

Vishnu Purana inasimulia kwamba Ganga hushuka kutoka mbinguni juu ya Mlima Meru, kisha hugawanyika mikondo minne. Meru huo si huu wetu, wenye jina la wenyeji wake Wameru. Hata hivyo, sisi tuishio chini ya mlima huu wa zaidi ya mita 4,500 tunaona kila siku jinsi mto unavyozaliwa. Msitu hunasa mvua na ukungu. Maji hupenya katika miamba ya volkeno, kisha huibuka kuwa chemchemi. Hizo ndizo huilisha mito ya Naura na Themi ipitayo jijini, na Nduruma, Tengeru na Usa upande wa mashariki. Yote huingia Kikuletwa. Kikuletwa nao hukutana na Ruvu katika bwawa liitwalo Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto huitwa Pangani hadi Bahari ya Hindi. Njiani hunywesha mashamba na mifugo, hulisha wavuvi, na huzungusha mitambo ya umeme.

Ndugu zetu, sisi tuko juu ya mto. Taka itupwayo darajani Naura haipotei. Humfikia jirani wa chini, ambaye hana njia ya kuturudishia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 za hifadhi kutoka ukingoni. Lakini ibada yetu inatudai zaidi ya sheria.

Tunafahamu wapo wanaoona kwamba sanamu na maua ya sikukuu yasipofika mtoni, sadaka haijatimia. Kwa heshima zote tunasema: sanamu ya udongo usiopakwa rangi ikiyeyushwa katika chombo, na maji yake yakamwagwa chini ya mti, imerudi ardhini ilikotoka. Maua na yawe mbolea. Vitambaa na plastiki visiguse maji kamwe.

Hekalu hili na liwafunze watoto wetu kuviheshimu vijito kabla havijapata jina kubwa.