Waziri wa kazi mwenye alikuja na liste yake



Leo tuongelee mutumishi wa serikali mwenye kazi yake ilikuwa kulinda wafanyakazi: Frances Perkins, wa Marekani.

Tarehe 25 Machi 1911, kule New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliwaka moto. Kwenye gorofa ya 9 mlango mumoja ulikuwa umefungwa na ufunguo. Watu 146 wakakufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Perkins alikuwa karibu, akakimbia kule, akaona wengine wanaruka madirishani.

Kisha akafanya kazi na tume ya kuchunguza viwanda. Hakubaki mu biro kungojea ripoti. Alibeba wabunge mpaka ndani ya viwanda. Siku moja seneta Robert Wagner akatambaa kupitia katundu kadogo kenye walisema ni njia ya kukimbilia moto. Nje akakuta ngazi yenye barafu. Jimbo la New York likapitisha sheria nyingi za usalama kazini.

Mwaka 1933 rais Roosevelt akamuomba awe waziri wa kazi. Mbele ya kukubali, akamuletea liste: mushahara wa chini, mupaka wa saa za kazi, kukataza kazi ya watoto, pensheni ya wazee, musaada kwa wenye hawana kazi. Kama hutaki hii, tafuta mwingine! Roosevelt akakubali. Akawa mwanamuke wa kwanza kuwa waziri kule, mpaka 1945.

Mwaka 1935 pensheni ikapita. Mwaka 1938 mushahara wa chini, senti 25 kwa saa. Haikukamilika: sheria ya 1935 iliacha inje wafanyakazi wa nyumbani na wa mashamba, na weusi wengi walikuwa hapo. Lakini ile liste ilimufuata kila siku, watu waliweza kumuhesabia.

Sasa kwetu Congo. Sheria haikosekane. Kode ya Kazi ya 2002, artikle 40, inasema: ukifanya kazi ya siku kwa siku kwa siku 22 ndani ya miezi 2, na wakakuchukua tena mbele ya ile miezi kuisha, kontra yako inakuwa ya muda usio na mwisho. Na inspekta wa kazi ana haki ya kuingia kampuni bila kutoa habari. Lakini wangapi kati yetu wamepita mwaka muzima wakilipwa jioni kwa jioni? Na wangapi walishamuona inspekta kwenye mlango?

Kwa hiyo tuanze hivi. Andika siku zako mu kayé, moja kwa moja. Zikifika 22 na wanakuita tena, tuandike pamoja barua kwa inspekta, na kopi isainiwe. Asipokuja, tutaenda biro yake sisi wote, na kayé mukononi.

Na wewe mwenye diploma unayetafuta nafasi serikalini: liste yako iko wapi?

Mapambano yanaendelea!