Jina la Mjukuu Wangu

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, wenzangu mliosoma hapa zamani, nanyi vijana mnaosoma sasa,

Nimeombwa niseme machache juu ya jambo lolote nipendalo. Basi nitasema juu ya jina la mjukuu wangu. Mtoto wa kiume amezaliwa hapa Kikatiti, atabatizwa mwezi ujao, na mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kumchagulia jina.

Mwanangu anataka jina ambalo halijapata kusikika kijijini. Mimi nataka jina la kale, tena linalokatika vizuri, maana wanafunzi hawajapata kuliacha jina zima. Abdallah akiingia darasani leo, kesho ni Dula. Selemani ni Sele, Ramadhani ni Rama. Mwenye jina huitika akicheka.

Lakini bwenini kwetu alikuwapo mwenzetu mmoja mwenye jina refu la kigeni. Siku ya kwanza mwalimu alishindwa kulisoma, darasa zima likacheka, na jioni tukawa tumekwisha kumbandika jina la mnyama, ambalo sitalitaja hapa. Alilibeba miaka minne. Mimi nilikuwa mmoja wa waliombandika. Miaka mingi baadaye nilimwona stendi ya mabasi Arusha, nikamwita kwa furaha kwa jina lile lile. Hakugeuka. Nikataka kumwita kwa jina lake la haki, nikaona silijui.

Huku Meru hatuna uhaba wa majina. Misheni ya Kilutheri ilifunguliwa Nkoaranga mwaka 1902, na majina ya Biblia yakaja nayo. Halafu sisi na majirani zetu Wachaga tukaunda ya kwetu, kwa kuunga neno Eli, yaani “Mungu wangu” kwa Kiebrania, na maneno yetu ya Kiswahili: Elisante, Elirehema, Elifuraha, Eliamani. Kila moja ni sala nzima, na kifupi chake ni Eli, hakina ubaya wowote. Shida yake mnaijua: ita “Eli!” uwanjani, watageuka watu sita pamoja na golikipa.

Kwa hiyo nimechagua Benyamini. Rais wetu wa awamu ya tatu, 1995 hadi 2005, alikuwa Benjamin William Mkapa, na watu walimwita Ben Mkapa bila kumvunjia heshima. Tena kitabu cha Mwanzo kinasema Raheli, alipokuwa anakata roho, alimwita mtoto wake Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo hakukubali mtoto aishi na jina hilo, akamwita Benyamini. (Angalieni kwamba yote mawili yanakatika kuwa Ben.)

Mwanangu anasema hilo ni jina la wazee. Nimemwambia mtoto naye atazeeka. Bado tunabishana.

Ninalo ombi moja. Aliyelala nasi bweni lile, na anayelikumbuka jina kamili la yule mwenzetu, tafadhali anifuate pale mlangoni baada ya chakula.