Stoo ya Uani: Mambo ya Kuyajua Kabla ya Kumwita Fundi

(Mada iliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa umma kuhusu haki na wajibu wa mtumiaji wa huduma za ujenzi)



Mada yangu leo si ghorofa wala nyumba ya kifahari. Nataka tuzungumzie jengo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa jengo: stoo kubwa ya uani, ile ya kuhifadhia mahindi, saruji, vyombo vya shughuli, pikipiki na mizigo isiyopata nafasi ndani ya nyumba.

Niruhusuni nianze na jambo la nyumbani kwetu. Nilipokuwa kidato cha pili, baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu, alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akajenga stoo ya tofali nyuma ya nyumba yake. Alijenga vizuri: msingi wa mawe, jamvi la zege, kenchi za mbao ngumu, bati jipya. Baada ya wiki chache walipita wakaguzi, na walipoondoka ukuta ulikuwa na alama ya X kwa rangi nyekundu. Stoo ilikuwa imekalia ukanda ulioachwa kwenye ramani kwa ajili ya mabomba. Alipewa muda wa kuiondoa, naye akaibomoa mwenyewe, akiyanusuru mabati na mbao. Saruji na ufundi havikurudi. Jambo lililomuumiza zaidi alilisikia baadaye ofisini: kama angeisogeza stoo ile mita mbili kuelekea kwenye nyumba na kuiombea kibali, ingeruhusiwa.

Ndugu wananchi, ndiyo sababu nimesimama hapa. Wengi wanaopoteza fedha kwa namna hii hawakukusudia kuvunja sheria. Walidhani tu kwamba kibali ni cha nyumba, na kwamba kibanda ni mambo ya uani.

Sheria inaliitaje jengo lako?

Nitakayoyasema yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na ujenzi. Huku Bara, Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inasimamia uendelezaji wa ardhi katika maeneo ya mipango. Neno uendelezaji lina maana pana: kujenga jengo jipya, kuongeza sehemu katika jengo lililopo, na hata kubadili matumizi ya jengo ambalo limesimama miaka mingi. Kwa hiyo sheria haiulizi kama wewe unaliita stoo, banda au kibanda. Inauliza kama unajenga, unajenga wapi, na jengo litatumika kwa kazi gani.

Mamlaka ya kutoa kibali ni halmashauri ya eneo lako, iwe ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Mjumbe, Mwenyekiti wa Mtaa na hata jirani aliyekubali kwa maandishi wanaweza kukusaidia sana, lakini hakuna kati yao mwenye mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi.

Anza na karatasi ulizo nazo

Kabla ya kununua tofali moja, toa hati miliki au barua ya toleo uisome. Katika nchi yetu ardhi ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Masharti hayo ndiyo yanayotaja matumizi ya kiwanja. Kisha fika ofisi ya mipango miji ujue mambo mawili: ni sehemu gani ya kiwanja chako inaruhusiwa kufunikwa na majengo, na ni umbali gani unaotakiwa kuachwa kutoka kwenye kila mpaka. Vipimo hivi hutofautiana kulingana na ukubwa wa kiwanja na mpango wa eneo, kwa hiyo usiazime vya rafiki yako wa mtaa mwingine.

Tuchukue mfano ili hesabu ionekane. Tuseme kiwanja kina upana wa mita 20 na urefu wa mita 30, yaani mita za mraba 600, na umeambiwa kwamba majengo yasizidi asilimia 40. Hizo ni mita za mraba 240. Nyumba inachukua 150, banda la gari 36, jiko la nje 14 na kibanda cha mlinzi 6. Jumla ni 206. Zimebaki 34. Fundi anakushauri stoo ya mita 6 kwa 8, yaani 48. Kwa hesabu hiyo umezidi kwa mita za mraba 14. Stoo ya mita 5 kwa 6, ambayo ni 30, ingeingia bila taabu. Tazameni kwamba jiko la nje na kibanda cha mlinzi, vitu tunavyovisahau, ndivyo vilivyokula nafasi.

Tafuta pia mawe ya mipaka, maarufu kama bikoni. Ukuta wa uzio si ushahidi wa mpaka. Upo uzio mwingi uliojengwa kwa kukisia. Kama bikoni hazionekani, mwite mpima ardhi kabla ya kuchimba msingi.

Yaliyo chini, juu na kando

Usijenge juu ya shimo la maji taka, wala usizibe njia ya gari la kulinyonya. Usijenge juu ya bomba wala chini ya nyaya za umeme. Ikiwa kiwanja kinapakana na barabara kuu au ya mkoa, kumbuka kwamba tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara hizo ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ikiwa unapakana na mto, ziwa au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni.

Mfikirie na jirani. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 48, hushusha lita 2,400 za maji, sawa na mapipa 12 ya lita 200. Upenu ukielekea kwake, mapipa hayo yote utakuwa umemmwagia yeye. Weka mfereji wa paa na tanki; maji yatakufaa wewe, na ujirani utadumu.

Namna ya kuomba kibali

Maombi huambatana na uthibitisho wa umiliki na michoro. Michoro ionyeshe mahali stoo itakapokaa ndani ya kiwanja, umbali wake kutoka mipakani, ukubwa wake kwa mita za mraba, sura zake za nje, msingi, paa, matumizi yanayokusudiwa na njia ya maji. Wataalamu wa halmashauri huikagua kila mmoja kwa upande wake: Afisa Ardhi huangalia miliki, Afisa Mipango Miji matumizi na nafasi, Mhandisi uimara, na Afisa Afya mambo ya usafi na majitaka. Kwa kazi ndogo, uliza kama halmashauri yako ina utaratibu mwepesi zaidi. Maombi sasa hupokelewa pia kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa TAUSI.

Hapa nataka nisisitize haki yenu kama watumiaji. Ada ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, nanyi hupewa stakabadhi. Anayekwambia, “Nipe mkononi nitakusaidia,” hajakusaidia. Umebaki bila fedha, bila stakabadhi na bila kibali. Vilevile, ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi sababu hurekebishika kwa kusogeza ukuta au kupunguza ukubwa.

Ukishapata kibali, kisome chote. Kina masharti na muda wake, na huelekeza hatua za ukaguzi. Mwite mkaguzi wakati wa msingi, kabla haujafukiwa.

Mkataba na fundi

Fundi wengi ni waaminifu, lakini uaminifu unahitaji karatasi. Andikeni vipimo, aina ya tofali, uwiano wa saruji na mchanga, nani ananunua vifaa, na malipo kwa hatua: msingi, kuta, lenta, paa. Usilipe fedha zote mwanzoni. Andikeni pia kwamba kazi itaanza baada ya kibali kutoka. Fundi akisema, “Tuanze, kibali kitafuata,” mkumbuke baba yangu mdogo. Alama ya X haiwekwi kwenye nyumba ya fundi. Ukitaka umeme ndani ya stoo, tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na uombe kuiona.

Stoo isigeuke kimya kimya

Jambo la mwisho linahusu matumizi. Stoo nyingi huanza kwa mahindi, kisha huwekwa kitanda cha kijana wa shamba, kisha mpangaji, au mashine ya kuchomelea vyuma. Hayo ni matumizi mengine. Chumba cha kulala kinahitaji madirisha, hewa na choo. Stoo haikujengwa hivyo. Aliyelala ndani ya chumba chenye mlango mmoja, kando ya petroli na mkaa, hana pa kutokea moto ukishika. Kwa hiyo sharti la matumizi lipo kwa ajili ya uhai wa mtu, wala si karatasi tupu. Ukitaka kubadilisha, rudi halmashauri kwanza.

Na wale ambao tayari wamejenga? Msingoje wakaguzi. Pimeni jengo, chukueni karatasi zenu, mwende kuuliza kama linaweza kurasimishwa au sehemu gani irekebishwe. Wanaoishi katika maeneo yasiyopimwa, au wenye leseni za makazi, nao waanzie ofisi ya mtaa kisha halmashauri. Kukosa hati miliki hakumwondolei mtu wajibu wa kuuliza.

Ndugu Mwenyekiti, nafupisha. Soma hati yako, pima kiwanja, hesabu kila paa lililopo, omba kibali, lipa kwa kontroo namba, andikiana na fundi, ndipo uchimbe msingi. Baba yangu mdogo alijenga stoo nyingine miaka miwili baadaye, ndogo kidogo, mita mbili mbele ya pale pa kwanza. Kibali chake amekifunga kwenye nailoni na kukitundika nyuma ya mlango wa stoo, na kila mgeni anayeingia huonyeshwa kabla ya kuonyeshwa mahindi.